The Call of the Wild au White Fang: uanze na kipi kati ya vitabu viwili vya Jack London?

Ukimwomba msomaji wa riwaya za Kiingereza akutajie kitabu cha kupambana na baridi, njaa na upweke wa kaskazini ya mbali, jina la Jack London halitachelewa, na mara nyingi litafuatwa na vitabu viwili: The Call of the Wild cha mwaka 1903 na White Fang cha mwaka 1906. Vyote viwili mhusika mkuu ni mbwa. Vyote viwili vinapita Alaska na Yukon ya Kanada, katika miaka ile watu walipokuwa wanakimbilia dhahabu ya Klondike. Kwa jinsi vinavyofanana kwa juu juu, ni rahisi kudhani kimoja ni mwendelezo wa kingine. Sivyo. Kila kimoja kinajitegemea, na anayekipenda hiki anaweza asivutiwe na kile.

Msimamo wangu nautoa mapema. Kwa ufundi wa uandishi, The Call of the Wild kimemzidi mwenzake, na sioni shaka juu ya hilo. Lakini kwa anayetaka kuona pori lenyewe linavyotisha, na jinsi ukatili unavyoifinyanga tabia ya kiumbe tangu utotoni, White Fang kina kurasa ambazo kile cha kwanza hakizifikii. Kwa hiyo jibu linategemea unachokitafuta, na muda ulio nao.

Njia moja, mielekeo miwili

Buck wa The Call of the Wild ni mbwa wa pauni 140, yaani kilo 63 na ushei; baba yake aina ya St. Bernard, mama yake mbwa wa wachungaji wa Uskoti. Anaishi kwa raha katika shamba la hakimu kwenye bonde la Santa Clara, California. Msaidizi wa mtunza bustani, mtu aliyezama kwenye kamari, anamwiba usiku na kumuuza. Buck anasafirishwa ndani ya kizimba, anakutana na mwanamume mwenye sweta nyekundu anayemfundisha kwa kipigo kwamba mwenye rungu hashindwi, kisha anapelekwa kaskazini na kufungwa kwenye sleji, lile gari lisilo na magurudumu linaloburutwa juu ya theluji. Kuanzia hapo tunamfuata mnyama wa nyumbani anayevuliwa ustaarabu kidogo kidogo, hadi sauti ya pori inapoanza kushindana na sauti ya binadamu masikioni mwake.

White Fang anaanzia upande wa pili. Mama yake, Kiche, ni nusu mbwa na nusu mbwa mwitu. Baba yake ni mbwa mwitu kamili. Anazaliwa pangoni, ndugu zake wa tumbo moja wanakufa kwa njaa, naye anaangukia mikononi mwa Gray Beaver, mwindaji wa jamii za asili za bonde la mto Mackenzie. Baadaye anachukuliwa na mzungu katili anayempiganisha na mbwa wengine mbele ya wacheza kamari. Mwishowe anampata bwana mwema, naye anamchukua mpaka California, katika bonde lile lile la Santa Clara. Pale Buck alipoibwa ndipo White Fang anapopata makao.

London alikusudia hivyo. Mwishoni mwa mwaka 1904 alimwandikia mchapishaji wake, George Brett wa Macmillan, kumweleza kwamba anataka kuandika kitabu mwenza kitakachoigeuza njia ya kile cha kwanza: badala ya mbwa kurudi porini, mnyama wa porini aje kwa watu. Hii ndiyo tofauti ya kwanza ya kuzingatia unapochagua. The Call of the Wild kinakuacha na msisimko na huzuni vikiwa vimeshikana, na mwisho wake nisingependa kukuharibia. White Fang kinakupitisha kwenye mateso marefu zaidi, halafu kinakulaza salama.

Mwandishi aliyeionja baridi yenyewe

Dhahabu iligunduliwa tarehe 16 Agosti 1896 kwenye kijito kinachomwaga maji yake katika mto Klondike. Habari zilipofika miji ya pwani ya magharibi ya Marekani, Julai 1897, watu wakaanza kumiminika. Inakadiriwa kuwa 100,000 walifunga safari, na wengi wao hawakufika. London alikuwa na umri wa miaka 21. Alipanda meli San Francisco mwezi huo huo wa Julai. Polisi wa Kanada waliokaa mpakani walidai kila mtu awe na chakula cha mwaka mzima kabla ya kuruhusiwa kupita, na ukijumlisha zana, mzigo wa mtu mmoja ulikaribia tani. Mzigo huo ulipandishwa mgongoni hadi kilele cha Chilkoot, njia ya kuvukia milima, kwa awamu, mtu akipanda na kushuka mlima ule ule mara kadhaa wa kadhaa. London aliubeba wake. Alipitisha majira ya baridi katika kibanda cha magogo karibu na mto Stewart, akaugua kiseyeye kwa kukosa vyakula vibichi, na mwaka 1898 akateremka mto Yukon kwa mashua kurudi kwao bila dhahabu ya maana.

Hata Buck ana asili ya kweli. Mjini Dawson London alikaa jirani na ndugu wawili, Louis na Marshall Bond, waliokuwa na mbwa mkubwa mchanganyiko wa St. Bernard. Baba yao alikuwa hakimu mwenye shamba Santa Clara. London mwenyewe alikiri baadaye kwamba mbwa yule ndiye aliyempa Buck.

Ukweli huu unavihusu vitabu vyote viwili, ila kwa kipimo tofauti. Safari ya Buck inapita Dyea, Chilkoot, ziwa Laberge, hadi Dawson: njia ambayo mwandishi aliikanyaga kwa miguu yake. Unapoisoma unaona macho ya mtu aliyekuwako. White Fang, kwa upande mwingine, kinaanzia bonde la Mackenzie, ambako London hakufika, na kinaingia ndani ya pango na ndani ya akili ya mtoto wa mbwa mwitu, mahali ambapo hakuna anayeweza kufika ila kwa kuwaza. Kurasa zake nzuri zimetokana na uwezo mkubwa wa kuwaza, na kurasa zake dhaifu ni zile ambamo kuwaza huko kunageuka kuwa mhadhara.

Kubaki hai: kipi kinakufundisha zaidi?

Hapa nataka kukaa, kwa kuwa ndicho kinachowavuta wengi kwenye vitabu hivi.

Katika The Call of the Wild, kubaki hai ni kazi ya mikono na akili, na Buck anajifunza kama kibarua mgeni anavyojifunza kazini. Usiku wa kwanza hajui pa kulala. Anajaribu kuingia kwenye hema la mabwana zake, anafukuzwa; anazunguka akitetemeka mpaka anapogundua kwamba wenzake wamejifukia chini ya theluji, na kwamba huko chini kuna joto. Anajifunza kula upesi, kwani mgawo wake ni pauni moja na nusu tu ya samaki mkavu kwa siku, na akizubaa wenzake wanamwibia. Nyayo zake laini za mbwa wa California zinapasuka, hadi François, mwendesha sleji mwenye asili ya Kifaransa, anakata ngozi ya juu ya viatu vyake mwenyewe na kumshonea Buck viatu vinne. Asubuhi moja François anasahau kumvisha. Buck analala chali, miguu minne hewani, na hainuki mpaka apewe viatu vyake. Ni moja ya sehemu chache za kuchekesha katika kitabu kizima, na ndani yake kuna habari kamili ya jinsi mwendesha sleji anavyomtegemea mbwa.

Kisha kuna sehemu ya mto inayoitwa Thirty Mile, ambako maji yana kasi hata baridi inashindwa kuyagandisha sawasawa. Maili 30 zinachukua siku sita. Perrault, tarishi wa serikali ya Kanada, anatangulia akiwa ameshika mti mrefu kwa kuulaza, ili barafu ikivunjika mti ukingame juu ya shimo na kumzuia asizame. Anatumbukia mara nyingi. Kipimajoto kinasoma nyuzi 50 chini ya sifuri za Fahrenheit, sawa na kama 46 chini ya sifuri kwa Selsiasi, kwa hiyo kila akilowa lazima awashe moto na kukausha nguo papo hapo, ama sivyo anakufa. London haongezi chumvi hapa. Anataja mti, moto, nguo, siku sita, na hofu inakuja yenyewe.

Lakini sura ninayoithamini kuliko zote ni ya Hal, Charles na Mercedes, watu watatu wageni wa kaskazini wanaowanunua mbwa waliokwisha choka. Wanajaza sleji mahema, nguo na vyombo mpaka inapinduka barabarani mbele ya watu. Wanaongeza mbwa hadi 14, bila kujua sababu inayowafanya wenyeji wasifanye hivyo: sleji moja haiwezi kubeba chakula cha mbwa 14. Hesabu waliipiga kwa penseli, mbwa wangapi, chakula kiasi gani, siku ngapi, na kwenye karatasi ikatimia. Njiani wanagundua nusu ya chakula imekwisha na wamemaliza robo tu ya safari. Mbwa wanaanza kufa mmoja mmoja, na ndani ya familia ile ugomvi hauishi. Sijasoma popote maelezo mazuri kuliko haya ya jinsi ujuaji unavyoua mahali ambapo ardhi haisamehi.

White Fang kinafanya jambo jingine kabisa. Sura tatu za kwanza White Fang mwenyewe hajazaliwa. Wanaume wawili, Bill na Henry, wanasafirisha jeneza la kabaila mmoja juu ya sleji ya mbwa sita, kuelekea ngome iitwayo McGurry. Wamebakiwa na risasi tatu. Jioni Bill anagawa samaki kwa mbwa na kukuta midomo saba badala ya sita. Mbwa mwitu jike, ambaye baadaye tutamjua kuwa Kiche, amejichanganya na kundi, na kila usiku anamvutia mbwa mmoja gizani, ambako wenzake wanamsubiri. Asubuhi wanahesabu, mmoja hayuko. Usiku unaofuata, mwingine.

Henry anapobaki peke yake, amejizungushia moto na macho ya mbwa mwitu yakimzunguka yeye, anatazama vidole vyake kwenye mwanga. Anavikunja na kuvikunjua, anaustaajabia ufundi wa misuli yake kwa mara ya kwanza maishani, halafu anayaona yale macho na kukumbuka kwamba kwa wale wanaomtazama, mwili huu wa ajabu ni nyama tu. Aya hiyo moja inatosha kukifanya kitabu kizima kistahili kununuliwa. Katika The Call of the Wild hakuna mahali ambapo binadamu anajiona waziwazi kuwa chakula kama hapa.

Baada ya hapo tunaingia pangoni na kuyaona maisha kwa macho ya mtoto asiyejua lolote. Mlango wa pango kwake ni ukuta wa mwanga. Akitoka anaanguka, anaumia, anakanyaga maji akidhani ni kitu kigumu na kuzama, anakutana na makinda ya ndege na kujua utamu wa nyama, anakutana na mnyama mdogo mwenye meno makali na karibu auawe. Njaa inaingia, na mama analazimika kwenda kwenye tundu la linksi, yule paka mkubwa wa misitu ya kaskazini, kwa gharama utakayoisoma mwenyewe. Mtoto anaelewa kwamba dunia ina walaji na waliwao. Anayependa habari za wanyama, au anayesomesha elimu ya viumbe, sura hizi zitamfurahisha kuliko chochote katika maisha ya Buck.

Kwa hiyo, ukitaka kuona safari ya kaskazini inavyoendeshwa, mzigo, mbwa, barafu, njia na makosa, chukua The Call of the Wild. Ukitaka pori lenyewe bila binadamu kulitawala, robo ya kwanza ya White Fang haina mshindani.

Ukatili, na swali la watoto

Vitabu hivi huwekwa kwenye rafu ya watoto, na wazazi wengi hununua kwa kuangalia picha ya mbwa kwenye jalada. Tahadhari. Vyote vina damu nyingi.

Katika The Call of the Wild damu inakuja ghafla na kupita. Mbwa mpole aitwaye Curly anararuliwa ndani ya dakika chache na kundi la haski, mbwa wa kaskazini wa kuvuta sleji, na Buck anaweka akilini kwamba ukianguka umekwisha. Kifo kinachouma kuliko vyote ni cha Dave, mbwa mgonjwa anayekataa kupumzishwa, ambaye anatafuna kamba za mwenzake ili arudishwe mahali pake pa kuvuta. London anakieleza kwa kurasa chache, kwa heshima kubwa. Mtoto wa miaka 12 anaweza kukisoma akalia, na hapatakuwa na ubaya.

White Fang kina ukatili wa aina ya pili, ule unaorudiwa kila siku. Watoto wa mbwa kambini wanamfukuza, mbwa aitwaye Lip-lip anamwonea, bwana wake anampiga, kisha anakuja Beauty Smith anayemlevya Gray Beaver kwa pombe mpaka amuuzie mbwa, na kumfungia kizimbani amkasirishe kwa makusudi. Mapigano na buldogi aitwaye Cherokee ni marefu na ya kutisha. Buldogi anashika koo na haachii, inchi kwa inchi. Mwaka 1907 Rais Theodore Roosevelt, aliyekuwa mwindaji, alikikosoa kitabu hiki hadharani akisema mapambano kama yale hayatokei hivyo kwa wanyama halisi, na mwaka uliofuata London akamjibu kwa makala. Kwa msomaji mdogo, lakini, ugumu wa sura hizi hautokani na kama zinawezekana au la. Unatokana na urefu wa mateso.

Hata hivyo ndani ya ukatili huo kuna jambo ambalo The Call of the Wild hakina. White Fang hakuzaliwa mwovu. Tunaona kipigo baada ya kipigo jinsi chuki inavyojengwa ndani yake, na baadaye, kwa subira ya Weedon Scott, yule bwana mwema, na msaidizi wake Matt, tunaona jinsi inavyobomolewa. Scott hafanyi muujiza. Anakaa mbali, anarusha kipande cha nyama, anangoja, anasogea kidogo. Mwalimu au mlezi yeyote anayekaa na mtoto aliyeteswa asome sura hizo. Na London anaongeza mtu mmoja, Jim Hall, mfungwa aliyetoroka, ambaye jamii ilimtendea kama White Fang alivyotendewa, na ambaye alihukumiwa kwa kosa asilolitenda. Kwa mbwa kuna ukombozi. Kwa Hall hakuna. Ninatamani London angempa zaidi ya zile kurasa chache.

Jinsi wenyeji wa kaskazini walivyochorwa

Msomaji wa Afrika Mashariki atasoma sehemu hizi kwa jicho ambalo wasomaji wa Marekani wa 1903 hawakuwa nalo, kwa sababu tunayajua maandishi ya zama zile yaliyotuhusu sisi.

Katika The Call of the Wild jamii za asili karibu hazipo mpaka mwishoni, zinapotokea ghafla kwa jina la Yeehat, kabila ambalo London alilitunga, na kazi yao katika hadithi ni kurusha mishale na kuuawa. Hawana sura wala sababu. Wakati huo huo, waliokuwepo dhahabu ya Klondike ilipogunduliwa walikuwa wenyeji: Skookum Jim na Dawson Charlie, watu wa Tagish, pamoja na George Carmack, shemeji yake Jim, mzungu aliyeandikisha ugunduzi ule kwa jina lake. Hayo hutayapata kitabuni.

White Fang kina mwenyeji mwenye jina na tabia. Gray Beaver ni mkali lakini ana haki ya aina yake. Anatetea mali yake, anamlisha mbwa aliyerudi kwake kwa hiari, anajua biashara. Hilo ni afadhali. Lakini White Fang anapofika Fort Yukon na kuwaona wazungu kwa mara ya kwanza, msimulizi anatuambia kwamba aliwaona kuwa miungu ya daraja la juu kuliko wale aliowazoea. Ni fikra za ubora wa rangi zilizovishwa ngozi ya mbwa, na kadiri hadithi inavyoendelea mwenyeji anakuwa mlevi aliyefilisika na mzungu anakuwa mkombozi. Sisemi usikisome. Ukimpa kijana, zungumza naye kuhusu sura hiyo. Kwa mizani hii, kitabu cha Buck kina kosa la kunyamaza na kile cha White Fang kina kosa la kusema, na hili la pili walau linaweza kujadiliwa darasani kwa kuonyesha mstari.

Urefu na Kiingereza chake

The Call of the Wild kina sura saba na maneno takriban 32,000. Msomaji wa kawaida anakimaliza siku moja ya mapumziko. White Fang kina sehemu tano, sura 25, na maneno zaidi ya 70,000.

Usidanganyike kwamba kifupi ndicho rahisi. Kiingereza cha The Call of the Wild kimebanwa kama shairi, kimejaa maneno ya asili ya Kilatini, na François na Perrault wanazungumza Kiingereza chenye lafudhi nzito ya Kifaransa, kilichoandikwa kama kinavyotamkwa. Kisome kwa sauti utawaelewa. White Fang kina sentensi nyepesi, na hoja zake zinarudiwa, kwa hiyo anayesoma Kiingereza kama lugha ya tatu hatapotea. Atachoka tu baadhi ya mahali ambapo msimulizi anaeleza kile alichokwisha kukionyesha vizuri. Sehemu ya mwisho ya California, hasa, inakwenda polepole. Aliyekulia mahali ambapo mbwa ni mlinzi wa nje na haingii ndani, zile kurasa za kumbembeleza mbwa barazani zinaweza kumpita bila kumgusa, ilhali uhusiano wa Buck na wenye sleji, ambao ni wa kazi na kuheshimiana, ataushika mara moja.

Basi uchukue kipi

Kama hujawahi kumsoma London na una nafasi ya kitabu kimoja, chukua The Call of the Wild. Mwalimu wa sekondari anayetaka riwaya ya Kiingereza itakayomalizika ndani ya muhula afanye vivyo hivyo. Dhamira ziko wazi, wahusika ni wachache, na sura ya Hal na Mercedes pekee inatosha mjadala wa vipindi viwili.

Chukua White Fang kama unapenda kuona mhusika akikua tangu kuzaliwa, kama unashughulika na malezi, au kama mwisho mchungu unakukera. Kijana aliyezoea riwaya nene atakifurahia. Anayeanza kusoma anaweza kukiacha katikati, kwenye mapigano ya mbwa.

Ukipanga kuvisoma vyote, anza na Buck, kwa sababu White Fang kiliandikwa kwa kumjibu. Ukianza na cha pili, utalifahamu jibu kabla ya swali.

Na kama bado unasita, kuna kionjo. London aliandika hadithi fupi, To Build a Fire, ambayo toleo lake linalosifika lilitoka mwaka 1908. Mtu asiyetajwa jina anatembea na mbwa wake siku ya nyuzi 75 za Fahrenheit chini ya sifuri, karibu 59 chini ya sifuri kwa Selsiasi, ingawa mzee mmoja mzoefu alimwonya kwamba baridi ikizidi 50 mtu asisafiri peke yake. Inasomwa chini ya saa moja. Ikikushika, vitabu vyote viwili vitakushika.

London alifariki mwaka 1916, na kazi hizi haziko tena chini ya hakimiliki, kwa hiyo zote tatu zinapatikana bure kwa Kiingereza katika maktaba ya Project Gutenberg, na hata kwa sauti kwenye LibriVox. Ukinunua nakala ya karatasi, hesabu sura kabla ya kulipa: matoleo mengi ya watoto yamepunguzwa, na mara nyingi kinachokatwa ni zile kurasa za Henry na moto wake, au zile za Dave. The Call of the Wild kamili kina sura saba, White Fang kamili kina 25.